Hapana Isiyo na Saini

"Kaka, hivi nikinyamaza, nisiseme kama mtoto ana betri, itakuwaje?"

Swali hilo aliniuliza mdogo wangu wa kike kwa simu, akiwa ameketi kwenye benchi la kituo kimoja cha vipimo jijini Dar es Salaam, na binti yake wa miaka 12 amemwegemea begani. Mimi nilikuwa Dodoma, kwenye mkutano wa kitaaluma kuhusu uwajibikaji katika utoaji wa huduma za umma. Nilitoka ukumbini, nikasimama barazani, nikamjibu kwa ukali wa mtu aliyeko mbali: "Usithubutu. Waambie." Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka: "Wa juzi niliwaambia, wakanirudisha. Wa leo nikiwaambia watanirudisha. Sasa niende kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi ukumbini, nikawasilisha mada yangu, nikapigiwa makofi.

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunisoma kuhusu bajeti, chaguzi na mienendo ya wenye mamlaka. Leo naomba uvumilivu wenu niandike kuhusu mtoto mmoja, moyo wake, na mashine moja. Naamini swali la dada yangu halikuwa la mama mmoja wa Mbagala peke yake. Ni swali ambalo raia hujiuliza kila anapofika mbele ya dirisha la huduma na kutambua kwamba ukweli wake utamponza.

Mpwa wangu alizaliwa mwaka 2012 akiwa na tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo. Wakati huo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza kazi mwaka 2015 katika viwanja vya Muhimbili, ilikuwa bado haijazaliwa, na watoto wengi wenye maradhi kama yake walisubiri ufadhili wa kwenda India. Yeye alibahatika. Alisafirishwa akiwa na miaka 2, tundu likazibwa. Lakini nyuzi zinazopitisha umeme wa moyo zimepita kandokando ya eneo lile lile ambalo sindano ya mpasuaji hulazimika kupita, na kwa watoto wachache njia hiyo hukatika isirudi tena. Moyo wake ukawa unapiga polepole mno. Akawekewa kifaa ambacho sisi nyumbani tunakiita betri ya moyo: kijisanduku chenye betri na saketi, kinachotuma umeme mdogo kupitia nyaya ili kuukumbusha moyo wajibu wake.

Kwa mtu mzima, nyaya hizo hupitishwa ndani ya mshipa mkubwa wa damu karibu na bega hadi ndani ya moyo. Mtoto mdogo ana mishipa myembamba, na bado anakua. Kwa hiyo mara nyingi mpasuaji hushona ncha za nyaya juu ya moyo, kwa nje, na kijisanduku hukifukia tumboni. Mtoto anaporefuka, nyaya huvutika. Mpwa wangu alipofika miaka 8 waya wake mmoja ulichoka, akawekewa mwingine pamoja na betri mpya. Ule wa zamani ulikatwa, na kipande chake kikaachwa palepale, kwa kuwa kuking'oa kitu kilichoshikana na moyo kunaweza kuwa hatari kuliko kukiacha. Huo ni utaratibu unaofuatwa duniani kote, na simlaumu mtu. Naomba tu msomaji akikumbuke kipande hicho, maana nitakirudia.

Mwaka jana binti huyo alianza kulalamikia mgongo. Tukasema ni uzito wa mkoba wa shule. Kisha zikaja homa za jioni, akakonda, na asubuhi moja akashindwa kuinuka kitandani bila kushika ukuta. Daktari aliyemgonga magoti kwa nyundo ndogo alisema anahofia kwamba kuna kitu kinabana neva ndani ya uti wa mgongo, na kwamba kipimo cha kuonyesha neva zenyewe ni MRI. Akaandika karatasi. Hapo ndipo zilipoanza siku 19 ninazozisimulia.

Kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi katikati ya jiji kwa daladala, ukiwa na mtoto ambaye miguu yake haimbebi, ni safari inayohitaji hisani ya kondakta, ya abiria wa siti ya mbele na ya foleni za Barabara ya Kilwa. Dada yangu anauza maandazi. Kila siku aliyokaa kwenye benchi la kusubiri ni siku ambayo karai lake halikubandikwa jikoni.

Mahali pa kwanza aliambiwa dirishani: "Mwenye betri hapigwi MRI." Basi. Hakuandikiwa sababu, hakuelekezwa kwingine, hakuulizwa ni betri ya aina gani wala iliwekwa lini. Mahali pa pili palikuwa na fomu ya maswali, lakini ilikuwa ya Kiingereza. Mhudumu, kwa nia njema kabisa, aliamua kumjazia, akawa anauliza huku macho yake yako kwenye foleni: "Ana chuma chochote mwilini? Hana, eh?" Mama mmoja aliyeketi jirani alimkanyaga dada yangu mguu kwa ishara: sema hana. Ndipo aliponyanyuka, akaomba dakika moja, akanipigia.

Tulitafakari swali lile. Mama wa Mbagala anajua chuma ni nini. Ni nondo, ni jembe, ni mabaki anayonunua yule kijana wa mkokoteni anayepita akipiga kelele za chuma chakavu. Kitu kinachomfanya mtoto wake aishi hakijawahi kuitwa chuma mbele yake. Kimeitwa betri kwa miaka yote. Angeweza kujibu "hana" bila kusema uongo hata chembe, mlango ukafunguliwa, na mtoto akaingizwa. Usalama wa mtoto ulikuwa umening'inia kwenye neno moja lililochaguliwa vibaya, likaulizwa kwa haraka, kutoka kwenye fomu isiyosomeka na yule inayemhusu.

Aliwaambia. Wakamrudisha.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni methali nzuri, lakini lawama yake yote imemwangukia mgonjwa. Haiulizi ni nani aliyemfundisha kuficha.

Sasa tuwe waadilifu kwa wale wahudumu wawili, kwa sababu hatari waliyoikimbia ni ya kweli. Nilipokuwa shule ya sekondari niliikwepa fizikia. Ugonjwa wa mpwa wangu umenirudisha darasani. Mashine ya MRI hufanya kazi kwa nguvu tatu. Ya kwanza ni sumaku kubwa iliyo hai muda wote, ambayo katika mashine nyingi ina nguvu ya tesla 1.5, yaani takriban mara 30,000 ya usumaku wa dunia unaogeuza sindano ya dira. Ya pili ni sumaku ndogo zinazowashwa na kuzimwa kwa kasi, ndizo zinazotoa ile kelele kama ya mafundi wanaogonga bati. Ya tatu ni mawimbi ya redio. Sumaku kubwa inaweza kuvuruga kifaa. Zile ndogo zinaweza kuidanganya betri ikadhani moyo unapiga wenyewe, ikanyamaza wakati inapohitajika. Lakini kwa watoto, hatari inayowanyima wataalamu usingizi zaidi ni ya tatu.

Waya mrefu ndani ya mawimbi ya redio ni antena. Mashine ya tesla 1.5 hutumia mawimbi ya takriban megahezi 64, chini kidogo tu ya masafa ya redio za FM tunazosikiliza kwenye daladala. Ndani ya mwili, ambao ni maji na chumvi, nusu ya wimbi hilo ni kama robo mita, urefu usio mbali na ule wa nyaya anazowekewa mtoto. Waya ukiwiana na wimbi, nishati hukusanyika nchani, na ncha hiyo imeshonwa kwenye moyo. Nyama inayoizunguka inaweza kupata joto hata ikaungua. Na kipande cha waya kilichokatwa na kuachwa, ambacho hakijaunganishwa na kijisanduku chochote, kinaweza kupata joto kali zaidi.

Ulimwengu una sababu ya kuiheshimu mashine hii. Mwaka 2001, katika jimbo la New York, mtoto wa miaka 6 aliuawa ndani ya MRI baada ya mtungi wa oksijeni wa chuma kuingizwa chumbani na kuvutwa na sumaku. Mashine hazikufungwa kwa sababu hiyo. Mwaka uliofuata chama cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani kilitoa mwongozo wa nani aingie hadi mlango upi, baada ya kuulizwa nini, na nani mwenye kumuuliza. Kifo kile kiligeuzwa kuwa utaratibu, na utaratibu huo umeenea duniani.

Betri ya moyo nayo ina historia inayotugusa sisi tuliozoea mgao wa umeme. Oktoba 31, 1957 umeme ulikatika katika mji wa Minneapolis. Wakati huo watoto waliofanyiwa upasuaji wa moyo na C. Walton Lillehei, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, walitegemea mashine kubwa zilizochomekwa ukutani, na inasimuliwa kwamba mmoja wao alifariki. Lillehei akamwomba fundi wa vifaa vya hospitali, Earl Bakken, atafute njia nyingine. Katika wiki chache Bakken alitengeneza kifaa kidogo cha transista kinachotumia betri na kuvalika mwilini, akiazima mchoro wa saketi ya kuhesabia mapigo ya muziki kutoka kwenye jarida la mafundi wa elektroniki. Kwa maneno mengine, betri ya kuvaliwa ilibuniwa kwa ajili ya watoto, kwa sababu mtu mmoja alikataa kuridhika na jibu kwamba umeme umekatika na hakuna la kufanya.

Tangu hapo watoto wamekuwa wakifuata nyuma ya watu wazima. Februari 2011 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha betri ya kwanza iliyobuniwa ili mwenye nayo aweze kuingia kwenye MRI kwa masharti. Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uitwao MagnaSafe: vipimo 1,500 vya watu wazima wenye vifaa visivyo na idhini hiyo, 1,000 wakiwa na betri za kawaida na 500 wakiwa na vifaa vya kushtua moyo, wote wakipimwa sehemu nyingine za mwili isipokuwa kifua, kwenye mashine za tesla 1.5. Hakuna aliyefariki kipimoni. Kifaa kimoja kililazimika kubadilishwa mara moja, na kilikuwa hakijarekebishwa kabla ya kipimo kama utaratibu ulivyotaka. Naomba wasomaji wangu watumishi wa umma waisome sentensi hiyo mara mbili. Katika vipimo 1,500, kifaa kilichoshindwa ni kile ambacho hatua yake ilirukwa.

Hayo ni ya watu wazima, wenye nyaya zilizopita ndani ya mishipa. Idhini ya mtengenezaji hutolewa kwa mfumo mzima, kijisanduku na nyaya zake kwa pamoja, na kwa miaka mingi nyaya zinazoshonwa nje ya moyo wa mtoto zimeachwa nje ya idhini hizo. Ndiyo maana kundi la Laleh Golestanirad katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, limekuwa likichunguza, kwa kompyuta na kwa miili ya bandia, jinsi urefu wa waya na njia unayopita mwilini vinavyobadilisha joto la ncha yake. Na mwaka 2021 mabingwa wa moyo wa watoto, katika mwongozo wao kuhusu vifaa hivi, waliandika jambo ambalo mtu wa sera hawezi kulipita: kwamba kwa mtoto mwenye nyaya za nje ya moyo, au zilizoachwa, MRI inaweza kufikiriwa kwa mgonjwa mmoja mmoja, baada ya kupima hatari na faida.

Mwongozo huo haufungui mlango kwa kila mtoto, wala haumfungii kila mtoto. Unawataka watu waketi, wamtazame huyu aliye mbele yao, wafikiri.

Kuketi huko kuna maana mahususi. Mtaalamu wa moyo anasoma kadi ya kifaa, anapiga eksirei ya kifua kuhesabu nyaya, anaiongoza betri kwa kompyuta yake ili wakati wa kipimo ipige kwa mwendo usiobadilika hata ikisikia kelele. Mtaalamu wa radiolojia anapunguza nguvu ya mawimbi na kufupisha muda. Mtu mmoja anabaki akitazama mapigo na oksijeni, mashine ya kushtua moyo ikiwa tayari karibu. Baada ya kipimo betri inarudishwa kama ilivyokuwa na kukaguliwa. Kila kampuni ina kompyuta yake ya kuongoza betri zake, na ya kampuni moja haizungumzi na betri ya nyingine; ndiyo sababu jina lililoandikwa kwenye kadi ni muhimu kuliko maneno matamu ya mjomba.

Hapa nafika kwenye sehemu yangu ya lawama.

Siku ya 11 dada yangu alifika mbele ya daktari kijana, wa tatu katika mlolongo huo, ambaye kwa mara ya kwanza aliuliza swali sahihi: "Mama, ana kadi ya betri?"

"Iko kwa kaka yangu. Yeye ni daktari."

"Daktari wa hospitali gani?"

"Wa chuo kikuu."

Kadi ile ilikuwa ofisini kwangu, kwenye droo iliyofungwa, ndani ya bahasha ya kaki, katikati ya vyeti vyangu na nakala za tasnifu. Niliichukua miaka michache nyuma, baada ya maji ya mvua kuingia nyumbani kwa dada. Nilimwambia kwa mamlaka ya kaka msomi kwamba karatasi muhimu zikae kwangu Kinondoni, mahali salama. Ufunguo wa droo ulikuwa mfukoni mwangu, Dodoma, ambako baada ya mkutano nilibaki kwa kazi ya ushauri. Nilirudi kwa treni, nikaenda moja kwa moja ofisini usiku, nikaitoa. Ilikuwa safi, haijakunjika, haijamsaidia mtu. Niliitunza kadi nikamwacha mtoto bila kadi.

Nimeandika mengi kuhusu serikali inayofungia taarifa makabatini kwa jina la usalama. Nilikuwa nimefanya vivyo hivyo kwa mpwa wangu.

Siku ya 19 madaktari watatu waliketi na kadi na eksirei mezani: wa moyo, wa radiolojia na wa watoto. Eksirei ilionyesha nyaya mbili zilizounganishwa, na pembeni yake kile kipande kilichoachwa, kimejikunja kama ndoano. Eksirei ya namna hiyo ingeweza kupigwa siku ya kwanza katika hospitali yoyote ya wilaya. Walijadiliana mbele yetu, jambo ambalo sikulitarajia. Kisha yule wa moyo akamgeukia dada yangu na kumweleza kwa Kiswahili kwamba eneo la mgongo wanalotaka kulipiga picha liko nyuma ya kifua, kwamba mawimbi yangempata mtoto pale pale penye kipande cha waya, na kwamba kwa vifaa walivyo navyo hawawezi kuahidi kwamba moyo hautaungua. Watatumia CT yenye dawa ya kung'arisha, haitaonyesha neva vizuri kama MRI, lakini itaonyesha mifupa. Wakishindwa kupata jibu, wataketi tena.

Jibu lilikuwa hapana. Lilikuwa hapana ya tatu katika siku 19, na ndiyo pekee iliyoandikwa: nusu ukurasa, sababu zake, njia mbadala, tarehe na saini tatu. Dada yangu aliisoma yote, akainua uso, akasema "asanteni" kwa namna ambayo sijamsikia akiitamka tangu mtoto aanze kuumwa.

CT ilionyesha pingili mbili zilizoliwa na usaha uliokusanyika kando yake. Ulikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Dawa zake serikali hutoa bure, na zilianza wiki ile ile. Leo mpwa wangu anatembea, ingawa mguu wa kushoto anauburuta kidogo anapochoka. Iwapo siku zile 19 ndizo zilizouchukua mguu huo au la, hakuna daktari aliyeweza kuniambia, nami sikuwalazimisha.

Ninachotaka kusema kwa wanafunzi wangu, kwa wanaharakati na kwa watumishi wa umma ni hiki. Tumezoea kudhani kwamba kukataa ni upande wa salama, na kwamba hatari iko kwenye kutenda tu. Mtoto akiungua ndani ya mashine, patakuwa na tume, magazeti na mtu wa kusimamishwa kazi. Mtoto akipooza kwa sababu milango miwili ilifungwa mbele yake, hakuna faili litakalofunguliwa, kwa kuwa hapana ya dirishani haina saini, haina tarehe, haina mwenyewe. Hatari haikuondoka, ilihamishwa kutoka kwenye meza ya ofisi hadi kwenye miguu ya mtoto wa Mbagala. Mwenye uwezo akikataliwa hapa atapanda ndege. Wa Temeke atapanda daladala kurudi nyumbani.

Na tusitarajie tatizo hili lipungue lenyewe. Tunashangilia, na ni haki yetu kushangilia, kwamba upasuaji wa moyo wa watoto sasa unafanyika nchini. Kila mtoto anayenusurika na betri ni raia atakayeishi nayo kwa miongo mingi, na katika miongo hiyo ataumwa kichwa, mgongo, goti. Zipo pia betri za msaada, na juhudi za kusafisha zilizokwisha kutumika ili zitumike tena, kama mradi wa Chuo Kikuu cha Michigan ambao majaribio yake yamefika hadi Kenya. Sisemi tuzikatae, maana betri ya msaada ni bora kuliko jeneza. Nasema pindi kijisanduku cha kampuni moja kinapounganishwa na waya wa kampuni nyingine, idhini ya MRI hupotea, na lazima mtu aandike mahali kwamba imepotea.

Yanayohitajika ili kuanza hayadai mashine mpya. Fomu ya maswali kabla ya MRI iwe kwa Kiswahili, na swali lisiwe la chuma: liulize kama mtoto amewahi kupasuliwa, kama ana betri ya moyo au waya, na mhudumu aombe kuona makovu. Kadi ya kifaa iwe na nakala katika faili la hospitali na kumbukumbu katika daftari la kitaifa la vifaa vilivyopandikizwa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina neno vifaa katika jina lake tangu mwaka 2019, na daftari kama hilo lingelifaa jina hilo. Wapasuaji na wanunuzi, pale inapowezekana kuchagua, wachague betri na nyaya wakifikiria kipimo cha miaka 10 ijayo. Hospitali zenye MRI zitenge siku moja ambayo mtaalamu wa moyo na wa radiolojia wanakutana juu ya wagonjwa wa aina hii. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapoendelea kutekelezwa, kitita chake kilipie kikao hicho na kazi ya kuirekebisha betri, kisilipie picha pekee. Na juu ya yote, kila anayemkataa mgonjwa aandike sababu, aelekeze pa kwenda, atie saini.

Hilo la mwisho ndilo gumu, ingawa linahitaji kalamu na karatasi tu. Saini humlazimisha mtu kufikiri kabla ya kukataa, nalo ni jambo ambalo madirisha yetu mengi, ya afya na yasiyo ya afya, yamejengwa ili kulikwepa.

Wiki iliyopita nilikwenda Mbagala. Mpwa wangu alinikaribisha, akaniletea kiti, kisha akaniuliza kwa adabu yote: "Mjomba, ile kadi yangu halisi bado iko ofisini kwako?" Nilikuwa nimempa nakala tu. Niliitoa kwenye pochi, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Akaichomeka ndani ya kitambulisho chake cha shule anachokivaa shingoni. Mama yake akaingia ndani, akatoka na ile barua ya hapana, iliyotiwa plastiki, akaniambia nayo sasa ina mahali pake: imetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda cha mtoto, mahali ambapo maji hayafiki.